Gwaride la Nguo za Watu

Jumatatu, 2 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi na basi la kwanza. Binti yetu amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wetu wa kwanza, na mama yake atakaa naye mpaka mvua ziishe. Mimi nimeachiwa duka la dobi: funguo, mashine mbili za kufulia, pasi, kamba za kuanikia uani, na wafanyakazi watatu. Makabidhiano yalikuwa sahihi kabisa, isipokuwa kamanda anayeondoka hakupiga saluti. Alinishika kola.

"Sikiliza, Baba Watoto. Tangu ustaafu jeshi umepanga viatu vya wageni kwa ukubwa, umempulizia jirani filimbi, na kila alfajiri unaniamsha kama nimelala lindoni. Nimevumilia. Ila hawa watu wangu watatu nimewatafuta kwa miaka. Nikirudi nikawakuta wote, utabaki dukani, tufanye kazi mimi na wewe mpaka tuzeeke. Nikikuta hata mmoja amekimbia, utamfuata yule rafiki yako anayelinda geti la kiwanda. Nafasi ipo. Nimeshauliza."

Ameshauliza! Nimeongoza kikosi kizima msituni, nije nishindwe na watu watatu na pasi? Lakini naandika ukweli hapa: geti silitaki. Nimelinda mageti ya kutosha. Mke wangu nimemwona wakati wa likizo tu kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu, na sasa nataka kumwona kila siku, hata akiwa amekasirika.

Jumanne, 3 Machi

Gwaride la kwanza, kabla ya kufungua mlango. Nimewapanga mbele ya kaunta kwa kimo. Povu, anayefua, ni pande la mtu na huimba kutwa nzima nyimbo za kutunga mwenyewe. Mvuke, anayepiga pasi, ni mama wa makamo, mwembamba, na maneno hayamwishi mdomoni. Mama Pacha, anayepokea wateja, hakuwepo. Alifika tumeshamaliza, anahema, mwavuli wake umepinduliwa na upepo.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimechelewa kweli. Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Adhabu yako, utafagia varanda."

"Si huwa naifagia kila siku?"

Nikamwambia leo aifagie vizuri zaidi.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki, zimeanza kunuka kama kambi iliyohamwa. Nimeamuru kamba zifungwe ndani, ukuta hadi ukuta, zinyooke.

"Sajini," akauliza Povu, "kamba ikipinda, nguo inachelewa kukauka?"

"Kamba ikipinda, na akili imepinda."

Walicheka mpaka Mvuke akaweka pasi chini. Sikuwa nafanya mzaha.

Jumapili, 8 Machi

Kamanda amepiga simu. "Toa ripoti."

"Hali shwari."

"Wote watatu wapo?"

"Wote watatu."

Kisha akamweka mjukuu karibu na simu. Alipiga chafya. Nilisimama mguu sawa bila kujua.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimewaeleza kanuni ya uongozi ninayoiamini kuliko zote: kiongozi anakula mwisho, baada ya askari wake kushiba. Wameipokea kwa moyo mmoja. Povu alipakua, akaongeza. Mvuke akasema chakula cha leo kimekaa vizuri. Mimi nilikuta sufuria inang'aa.

Jumanne, 10 Machi

Sufuria inang'aa.

Jumatano, 11 Machi

Kanuni ni kanuni. Nimekunywa chai.

Jumamosi, 14 Machi

Siku njema. Daktari mmoja wa meno wa mtaa wa pili amesema makoti yake hayajawahi kukunjwa namna hii, pembe kwa pembe, na kwamba anaona aibu kuyavaa. Hiyo ni sifa. Mama Pacha alichelewa tena. Povu ametunga wimbo juu yangu:

*Sajini kanyoosha kamba,*
*Tumbo lake limelegea.*

Nimeupiga marufuku. Jioni nikafumaniwa na Mvuke nikiuimba mwenyewe huku nafunga dirisha.

"Mstari wa pili unauvuta sana," akanikosoa.

Jumatano, 18 Machi

Mama Pacha nimempa kila adhabu ninayoijua, bado anachelewa. Jana usiku nilikumbuka kwamba afisa asiyejua askari wake wanaishi vipi huyo anaongoza kofia tu. Leo alfajiri nikavaa buti na koti la mvua, nikaenda kusimama kwenye kona ya mtaa wao.

Nilimwona anatoka. Pacha mmoja mgongoni, pacha mwingine juu ya mabega, mikoba miwili shingoni, na maji barabarani yamempita magoti. Akawafikisha shuleni. Geti lilikuwa bado limefungwa. Akasimama nao chini ya ule mwavuli wake uliopinda mpaka mlinzi alipofungua, akawabusu, halafu akatimua mbio kuelekea dukani. Geti la shule linafunguliwa saa ileile ninayoanza gwaride langu.

Nilimkimbilia kwa nyuma. Mtu wa umri wangu, na buti zimejaa maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hujauliza, Sajini. Ulikuwa unagawa adhabu."

Nimelisogeza gwaride mbele kidogo. Jeshini gwaride halisogei, hata kama kuna kimbunga. Leo limesogea na dunia haikuanguka. Pacha hao, kwa kweli, nimewabeba mimi mchana wakati wa kurudi kutoka shuleni, na mmoja amenitapikia. Nimefurahi siku nzima.

Ijumaa, 20 Machi

Mama Pacha amefika kabla yangu. Amenipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Nimeipokea.

Jumapili, 22 Machi

Duka limefungwa, nimeingia peke yangu kufanya ukaguzi mkuu. Kwa sababu ya mvua, nguo zimelundikana: kamba zote zimejaa, na rafu zimejaa pia. Nilianza kwa kujivuna. Halafu nikageuza kola ya shati moja nikakuta uchafu: nyuzi. Nyekundu mbili, zimeachwa zinaning'inia. Nikageuza suruali, kiunoni uzi wa kijani na fundo. Kila nguo! Njano, buluu, nyeusi na nyeupe pamoja, ndefu, fupi.

Uzi mmoja unaoning'inia kwenye sare ulinitosha zamani kumkimbiza kuruta kuzunguka uwanja mpaka aombe maji. Na hapa Mvuke ameziacha nguo za wateja wetu katika hali hii. Nilichukua mkasi mdogo, nikaketi, nikakata uzi mmoja mmoja. Kazi ya kutwa. Nimezipanga nguo upya pia, ndefu kulia, fupi kushoto. Zimependeza kama kikosi cha heshima. Kamanda alipopiga simu nilimwambia hali ni shwari kuliko shwari yenyewe.

Jumatatu, 23 Machi

Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu.

Mvuke aliingia, akavua koti la mvua, akachomeka pasi, akavuta shati la kwanza. Akageuza kola. Akavuta la pili. La tatu. Akachomoa pasi.

"Nani ameshika nguo zangu?"

Nikajitokeza kifua mbele. "Mimi. Na nina neno na wewe, hapahapa, wenzako wasikie. Nimekuta nyuzi kila kola. Miaka yote unapiga pasi huzioni? Huo ni uzembe, na katika duka hili uzembe..."

Sikumaliza. Povu alikuwa ameacha kuimba. Mama Pacha alikuwa ameziba mdomo.

"Sajini," Povu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "zile nyuzi ndiyo majina ya wenye nguo."

Nikaomba arudie. Akarudia. Kila mteja ana rangi yake. Nguo ikiingia tu, Mvuke huishonea uzi wa mwenyewe kwa mkono, kabla haijagusa maji. Karatasi aliyonayo mteja inasema mashati matatu na suruali mbili, haisemi yapi. Nilikuwa nimekata majina ya mtaa mzima, kisha nikayachanganya kwa kimo.

Mvuke hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivaa koti lake, kifungo kimoja kimoja.

"Nimeshona nyuzi hizo usiku mwingine macho yananiuma," akasema. "Umezikata, halafu unaniita mzembe mbele za watu. Ungeuliza tu, Sajini. Neno moja. Mimi si askari wako."

Akatoka kwenye mvua. Niliwahi kupotea msituni na kikosi kizima, ramani imelowa, redio imekufa. Sikuogopa kama nilivyoogopa leo nikitazama mgongo wa yule mama ukiishilia kwenye kona.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuna kanuni niliyowafundisha makoplo wengi mpaka wakaichoka: msifu mtu hadharani, mkosoe pembeni. Nimeivunja mimi, na hata kosa lenyewe halikuwa lake.

Kamanda alipiga jioni. "Toa ripoti."

"Hali..." Neno shwari likagoma. "Hali si shwari. Mvuke ameondoka. Nimemkosea." Nikamwambia yote, mkasi na kikosi cha heshima na kila kitu.

Mjukuu alikuwa analia kwa mbali.

"Mpigie wewe," nikamsihi. "Wewe anakusikiliza."

"Sipigi," akasema. "Nikimbembeleza mimi, atarudi kwa ajili yangu. Nataka arudi kwa ajili yako." Akakata simu.

Jumanne, 24 Machi

Nilikwenda kwa Mvuke. Nilimkuta barazani akimsuka mjukuu wake nywele.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Ulinisema wapi?"

"Dukani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wenzako."

"Na msamaha unaniletea barazani kwangu, hakuna hata paka wa kushuhudia." Akaendelea kusuka. "Kaa basi, unywe chai. Umelowa."

Nikanywa. Hasira yake ina adabu kuliko furaha yangu. Nilipoaga hakunijibu, ila aliniitia yule mtoto anipe mwavuli.

Dukani wateja wameanza kuuliza nguo zao. Mama Pacha amewaambia mvua, mvua. Mvua haitatusaidia zaidi ya kesho. Tukakaa watatu, na kwa mara ya kwanza sikutoa amri, niliuliza: tufanyeje?

"Wakija mmoja mmoja," akasema Mama Pacha, "wa kwanza atachukua shati zuri kuliko lake."

"Basi waje wote siku moja," akasema Povu. "Kila mtu awe shahidi wa mwenzake."

Wote pamoja, nguo moja moja, mbele ya macho ya watu. Nikajikuta natabasamu. Hilo ni gwaride, na gwaride nalijua.

Jumatano, 25 Machi

Siku ndefu kuliko zote na nzuri kuliko nyingi.

Mama Pacha aliwapigia simu wote tangu alfajiri. Mvua ilikuwa inamwagika kama imefunguliwa bomba, lakini watu hawakosi jambo la bure: dukani walijaa, varanda ikajaa, wengine wakabaki nje na miavuli. Nikapanda juu ya stuli. Nilimwona Mvuke kule nyuma kabisa, koti limefungwa mpaka shingoni, uso wa mtu aliyepita tu.

Jeshini kwa miaka yote sikuwahi kumwomba radhi mtu wa chini yangu mbele ya mstari. Tuliambiwa ukifanya hivyo umekwisha. Nikavuta pumzi, nikatumia ile sauti yangu ya uwanjani.

"Nguo zenu zimechanganyika! Kosa si la Mvuke! Mvuke alizitia alama zote kwa mkono wake, mimi nikazikata kwa ujinga, kisha nikamwita mzembe mbele ya wenzake! Mzembe ni mimi! Mvuke, nisamehe!"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye paa.

"Sikusikia!" akapaza sauti Mvuke.

Nikarudia, kwa nguvu zaidi, kila neno. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," akasema Mvuke, akakunja mwavuli, akaanza kupenya watu. "Ila nilitaka na wa ng'ambo ya barabara wasikie. Nipisheni, sindano zangu ziko wapi?"

Nilishuka stuli. Sikuona haya hata kidogo. Nilijisikia mwepesi.

Halafu gwaride likaanza. Povu aliinua nguo juu, mimi nikaitangaza, mwenyewe akajibu "Yangu!", Mvuke akaishonea uzi upya palepale. Wanaume wawili waligombania suruali ya kijivu mpaka tukaamua wote waijaribu nyuma ya mashuka. Mmoja haikumpita mapajani, akatoka anacheka na kumpongeza mwenzake kwa kiuno. Kanzu za kwaya zilikuwa zote sawa, na wanakwaya wakakubaliana kila mtu achukue inayomfika kifundoni. Dada mmoja alikana gauni lake kwa sababu lilitoka safi mno. Povu aliinua chupi moja kubwa kama tanga, nikaitangaza kwa sauti ileile. Hakuna aliyejibu. Nikaitangaza tena. Watu wakavunjika mbavu. Baadaye mzee mmoja mtanashati sana, mwenye fimbo, alinisogelea akaninong'oneza kwamba anaichukua kwa niaba ya rafiki yake.

Mpaka tunafunga, kamba zilikuwa tupu, ila soksi moja ya njano. Wateja wawili waliojiapiza mlangoni hawatarudi tena waliondoka na nguo zao na za majirani waliowatuma, wakiuliza lini tunafanya tena.

Alhamisi, 26 Machi

Mvuke amefika. Gwarideni nilipoita jina lake alijibu "Sikusikia!" Nikaita mara ya pili.

Ijumaa, 27 Machi

Nimekuta sahani yangu imefunikwa, kando ya sufuria inayong'aa.

"Kanuni inasema ule mwisho," Mvuke amenieleza bila kugeuka kutoka kwenye pasi. "Haisemi usile."

Jumamosi, 4 Aprili

Jua! Tumetoa kila kitu uani. Kamba za nje zimepinda na sikusema neno.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo nimeuliza maswali mengi na nimetoa amri moja tu, nayo ilikuwa "Kaeni, tunywe chai." Imetekelezwa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona katika jeshi lolote.

Jumamosi, 18 Aprili

Manyunyu tu. Kamanda anarudi wiki ijayo, hakusema siku. Namjua: anataka kufanya ukaguzi wa ghafla. Nimeshindwa kula hata nilipobakiziwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Asubuhi, kwenye kuita majina. Mvuke: "Nipo." Povu aliliimba lake. Mama Pacha: "Nipo tangu jana!"

"Na mimi?" ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa na mfuko begani na viatu vimelowa, na amenenepa kidogo, na nilikuwa nimesahau jinsi anavyosimama huku ameegemea mguu mmoja. Nilitaka kumkimbilia. Badala yake nikakaza visigino.

"Kamanda, watatu kati ya watatu."

"Naona." Akawapita mmoja mmoja, akawashika mikono, akauliza watoto, akauliza migongo. Kisha akasimama mbele yangu. "Lakini nimefikiri sana kule kwa mtoto. Kuwakuta tu hakutoshi. Mtu anaweza kubaki kwa sababu hana pa kwenda. Jamani, semeni nyinyi: abaki, au nimpeleke getini?"

"Tunaomba nafasi ya kushauriana," akasema Mvuke.

Wakaingia nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Nilibaki mguu sawa. Nilisikia wananong'ona, nikasikia Povu anacheka, nikasikia anapigwa kofi la bega anyamaze. Mke wangu alikuwa ananitazama usoni, nami nilitazama ukuta, maana ningemtazama yeye ningelia kabla ya hukumu.

Wakatoka. Mvuke akakohoa.

"Tumekaa, tumeamua. Sajini hatumtaki."

Basi, nikajiambia, nitakwenda, na sitabishana.

"Hatumtaki kwa sababu masajini wametosha," akaendelea. "Mimi hapa natoa amri, Mama Pacha anatoa amri, na sasa huyu mwenyewe amerudi. Tunachokosa humu ni kuruta. Mtu wa kuanza chini, afundishwe kazi. Kama yuko tayari, abaki."

"Ataanza na soksi," akaongeza Povu.

Mke wangu akanigeukia, mdomo unamcheza. "Umesikia? Uko tayari?"

"Niko tayari, afande," nikasema.

Nimepandishwa cheo mara nyingi maishani, kwa bendi na kwa hotuba, na kila mara nilipokea kwa uso mkavu kama inavyotakiwa. Leo nimeshushwa mpaka chini kabisa, nikalia mbele ya kikosi kizima, na hakuna aliyeniandikia adhabu. Kesho asubuhi nitasimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto, na mke wangu ndiye atakayeita majina.